Steringi Akipoteza Kumbukumbu, Mtazamaji Hukasirikia Nini Hasa?

Siku ya Krismasi mwaka 2022, kituo cha JTBC cha Korea Kusini kilirusha episodi ya mwisho ya Reborn Rich. Karibu asilimia 27 ya kaya zilizopimwa zilikuwa zimeifungulia, kiwango kikubwa mno kwa kituo cha kebo. Wengi wa waliotazama walibaki wamefura.

Kwa wasioijua: Song Joong-ki anaigiza Yoon Hyun-woo, mtumishi mtiifu wa ukoo wa matajiri wenye kampuni ya Soonyang. Ukoo unamtoa kafara, anauawa, halafu anazinduka mwaka 1987 akiwa Jin Do-jun, mjukuu mdogo wa mwenye kampuni, huku akili yake ikijua yote yatakayokuja. Tunamfuata akiwazidi ujanja baba zake wakubwa na shangazi yake, akipigana na babu hadi babu amkubali. Akiwa amebakiza hatua moja tu kuishika Soonyang, lori linamgonga. Hyun-woo anaamka hospitalini, na kumbe zimepita siku chache tu tangu apigwe risasi. Katika riwaya ya mtandaoni iliyozaa tamthilia hiyo, Do-jun anaichukua kampuni. Kwenye televisheni tulipewa lori, kitanda cha hospitali na "kumbe ilikuwa toba", vyote kwa mkupuo.

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya tamthilia, na tamthilia za Kikorea ndizo ninazozitumia zaidi kufundishia waandishi chipukizi. Kila msimu nasikia lalamiko moja: tumechoka na visa vilevile. Siliamini. Watu haohao waliochoka ndio walioimeza Business Proposal ya mwaka 2022 bila kutafuna, na ile haina kitu kipya hata kimoja: bosi kijana wa ukoo wa kitajiri, mfanyakazi wa kawaida anayejifanya mtu mwingine, babu anayeshinikiza ndoa, uchumba wa kuigiza unaogeuka wa kweli. Mtazamaji alijua tangu episodi ya kwanza nani angemwoa nani, na akafurahi kabisa.

Ukiyasikiliza malalamiko kwa makini utaona kwamba mtazamaji hukasirika pale kisa kinapomwondolea mhusika kazi ya kuamua. Mkataba wa ndoa unamlazimisha mtu aamue. Mama wa kitajiri anayesukuma bahasha ya pesa mezani na kusema "achana na mwanangu" anamlazimisha msichana aamue. Hivyo vimerudiwa tangu enzi za Full House ya mwaka 2004, na bado vinapendwa. Lori haliulizi mtu swali. Linapita, na mwandishi aliyekuwa amekwama anapona.

Kupoteza kumbukumbu kunaonyesha tofauti hiyo vizuri, kwa sababu ni mbinu moja yenye sura mbili. Chukua Winter Sonata ya KBS2, mwaka 2002. Kang Jun-sang, anayeigizwa na Bae Yong-joon, anapata ajali akiwa mwanafunzi, na Yu-jin, msichana anayempenda, anaambiwa amekufa. Miaka inapita, Yu-jin amechumbiwa na rafiki wa utotoni, na mara anatokea msanifu majengo kutoka Marekani mwenye sura ileile ya marehemu, asiyemkumbuka mtu. Hapo kumbukumbu iliyopotea inamtwisha Yu-jin mzigo: je, anampenda huyu aliye hai au yule aliyemlilia? Na mchumba wake amfanyeje? Tamthilia nzima imesimama juu ya swali hilo. NHK ilipoionyesha Japani kuanzia mwaka 2003, wanawake wa makamo walilielewa swali hilo vizuri sana, na mwaka uliofuata maelfu yao wakaenda kumsubiri Bae Yong-joon uwanja wa ndege.

Sasa tazama Boys Over Flowers, 2009. Gu Jun-pyo anapoteza kumbukumbu karibu na mwisho, wakati yeye na Jan-di wameshachaguana, mama mkali ameshaonyesha makucha yake yote, na hakuna kilichobaki ila kumaliza. Anamsahau msichana peke yake, anatokea msichana mwingine wa kujipendekeza, tunasubiri akumbuke, anakumbuka. Swali halikuwapo. Kulikuwa na saa za kujaza.

Wakorea wenyewe huviita visa vya kukwamisha namna hii "goguma", yaani viazi vitamu vikavu vinavyokaba kooni bila maji. Mambo yanapofunguka husema wamepata "saida", soda ya kushushia. Ukipita kwenye mijadala yao utaona episodi zinapimwa hivyo: leo viazi vitupu, kesho soda tele. Ila tusichanganye. Mtazamaji huvumilia viazi kwa muda mrefu sana akiamini kwamba mhusika mwenyewe ndiye atakayefungua chupa.

Hata kile kisa cha mwanamume kumshika mwanamke kifundo cha mkono na kumburuta kimezeeka kwa sababu hiyohiyo. Zamani ilikuwa alama ya mapenzi mazito. Wanaume wawili, kila mmoja ameshika mkono wake, na msichana katikati kama kamba ya kuvutana. Leo mtazamaji wa Seoul, na wa Dar es Salaam vilevile, anauliza: yeye amesema nini? Waandishi wamesikia. Siku hizi mkono ukishikwa, mara nyingi ni kwa utani, au mwanamke anaung'oa na kumpa mtu vidonge vyake.

Tuje kwenye ugomvi mkubwa kuliko yote: steringi wa pili. Unamjua. Ni mpole, anafika wakati wa mvua akiwa na mwavuli, anasikiliza, anajua chakula gani msichana anakipenda, na mwisho anabaki na mwavuli wake. Nimeona marafiki wakinuniana kwa ajili ya Start-Up ya tvN, mwaka 2020, kuliko wanavyonuniana kwa mpira.

Han Ji-pyeong, aliyeigizwa na Kim Seon-ho, ni yatima anayetoka kituoni bila pa kwenda. Bibi mmoja mwenye kibanda cha vitafunio anampokea. Bibi huyo ana mjukuu mpweke, Seo Dal-mi, na anamwomba kijana amwandikie barua za kumtia moyo. Ji-pyeong anaandika, lakini anatia sahihi kwa jina alilolikuta gazetini: Nam Do-san, mtoto aliyeshinda mashindano ya hesabu. Miaka 15 baadaye Dal-mi anamtafuta Do-san wa barua, na Do-san wa kweli, asiyejua lolote, anaingizwa kwenye uongo ule. Dal-mi anampenda Do-san wa kweli, na ndiye anayebaki naye.

Upande wa Ji-pyeong unasema: barua zilikuwa zake, maneno yalikuwa yake, basi mapenzi yalikuwa yake. Upande wa Do-san unasema: barua za utotoni hazimfanyi mtu kuwa mume, na Ji-pyeong alikuwa na nafasi tele za kusema ukweli akazipitisha. Mimi niko na upande wa pili kuhusu uamuzi wenyewe. Lakini kama mhariri naona kwamba Park Hye-ryun, mwandishi wake, aliwasha moto mwenyewe. Episodi ya kwanza aliitumia kumjenga Ji-pyeong: njaa yake, kiburi chake, vitafunio vya bibi, viatu ambavyo bibi anamnunulia siku ya kuagana. Do-san tulimpata baadaye, akiwa kijana wa kompyuta asiyejiamini. Mtazamaji humpa moyo wake mtu wa kwanza aliyemwonyesha kidonda chake. Huwezi kumkabidhi mtoto mchanga kwa saa nzima, kisha ukamwambia huyu si wako. Na pale ambapo Dal-mi alitakiwa kupima mwenyewe, kwa sauti, kwa nini huyu na si yule, mswada ulikuwa umekimbilia mambo ya kampuni.

Linganisha na Reply 1988. Ilianza Novemba 2015 kwenye tvN, na nchi ikagawanyika juu ya nani ni mume wa Deok-sun: Jung-hwan, mwenye ulimi mkali na moyo laini, au Taek, bingwa wa baduk, mchezo wa ubaoni, asiyeweza hata kufunga kamba za viatu vyake. Kambi mbili zikawa na majina yao kabisa. Jung-hwan tulikaa naye muda mrefu. Tulimwona akimkinga Deok-sun kwenye basi lililojaa, akichelewa makusudi asubuhi ili waongozane. Kisha inakuja usiku wa tamasha la muziki. Deok-sun ameachwa peke yake mlangoni. Jung-hwan anaendesha gari kwa kasi, taa nyekundu zinamkamata moja baada ya nyingine, anafika na kumkuta Taek ameshasimama pale. Taek alikuwa na mchezo siku hiyo. Aliuacha.

Jung-hwan, akiwa ndani ya gari, anakiri moyoni kwamba si taa zilizomchelewesha. Ni kusita kwake mwenyewe, mara nyingi mno. Sini hiyo naionyesha kila darasa. Mwandishi Lee Woo-jung alikuwa na kisingizio tayari mkononi, foleni na taa, na akakitupa mbele ya macho yetu. Wapo waliokasirika hata hivyo, na hawajapoa hadi leo. Ila hasira yao ni ya kumwonea mtu huruma. Ya Reborn Rich ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Kuna sababu ya kiwandani pia, na watazamaji wa huku huwa hawaioni. Kwa miaka mingi tamthilia za Korea zilishutiwa huku zikirushwa. Episodi mbili kwa wiki, kila moja kama saa nzima, mswada ukifika lokesheni kurasa chache kwa siku. Februari 2009, mwigizaji mkuu wa Boys Over Flowers, Goo Hye-sun, alipata ajali ya gari, na kwa kuwa hakukuwa na akiba, kituo kikarusha kipindi maalumu badala ya episodi. Katika hali hiyo kitanda cha hospitali ni ukombozi: chumba kimoja, mtu mmoja amelala, wengine wanalia kwa zamu. Tamthilia ikipendwa sana, kituo kiliomba episodi za nyongeza, na mwandishi aliyekwisha kumaliza kisa angepata wapi cha kuongeza kama si ajali? Princess Aurora ya MBC, mwaka 2013, ilifikia watazamaji kukusanya saini mtandaoni kupinga isiongezwe, maana wahusika zaidi ya kumi walikuwa wameondolewa mmoja mmoja, mbwa akiwemo. Tangu mwaka 2018 sheria ya saa 52 za kazi kwa wiki ilianza kupunguza mwendo huo, na fedha za Netflix zimefanya nyingi zimalizwe kushutiwa kabla ya kurushwa. Kwa hiyo kisingizio cha haraka kimepungua. Lori bado lipo barabarani, na sasa linatumwa na mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Wale wa tamthilia za vituko vya kupindukia, zile Wakorea huziita "makjang", wao hucheza kwa kanuni nyingine. Kwenye Temptation of Wife, 2008, mke aliyesalitiwa na kuachwa afe anarudi amejichora kidoa chini ya jicho, na mume hamtambui. Watu walicheka hadi leo wanacheka, na waliitazama kila jioni. Kwa nini? Kwa sababu kidoa kile ni uamuzi wake. Kim Soon-ok, mwandishi huyohuyo, alipokuja na Penthouse mwaka 2020, alianza kufufua wafu: Shim Su-ryeon anakufa msimu wa kwanza na kurudi wa pili, Logan Lee analipukiwa na gari na kurudi wa tatu. Mitaani kwetu tunasema steringi hafi, lakini kuna mpaka. Kifo kikishakuwa safari ya kwenda na kurudi, mtazamaji halilii jeneza tena. (Na yule Alex Lee wa msimu wa tatu, mwenye rasta na meno ya kumetameta, aliwaudhi watu weusi duniani kote kwa haki. Mwigizaji aliomba radhi. Huyo hakuwa mhusika, alikuwa vazi.)

Queen of Tears, 2024, ndiyo inayonigombanisha na wenzangu. Ilifunga kwa karibu asilimia 25, ikaipita Crash Landing on You kwenye rekodi ya tvN, zote mbili zikiwa kazi za Park Ji-eun. Wengi walisema iliharibika Hae-in alipopoteza kumbukumbu. Sikubaliani. Hae-in, mke wa Hyun-woo (si yule wa Reborn Rich), ana uvimbe kichwani. Upasuaji Ujerumani utamponya na kufuta kila anachokijua, mume wake pamoja. Aishi bila kumkumbuka Hyun-woo, au afe akimkumbuka? Huo ndio uzuri wa tamthilia. Kilichoharibu ni kilichofuata: Hyun-woo anakamatwa, adui anajaza uongo kwenye kichwa kitupu, gari linagonga, Hae-in anatekwa, risasi zinalia. Hae-in alihitaji episodi mbili za kumchunguza taratibu mwanamume asiyemjua ambaye kila mtu anasema ni wake. Tukapewa ving'ora.

Mhusika mmoja ananivurugia hesabu zote hizi. Gu Seung-jun wa Crash Landing on You, tapeli mwenye haiba, ana njia wazi ya kutoroka. Anasikia Seo Dan, mwanamke anayempenda, ametekwa, anageuza, anamwokoa, anapigwa risasi. Aliamua mwenyewe, tulimwona akiamua, na kifo chake kimetokana na uamuzi huo moja kwa moja. Kwa kanuni yangu, watu walipaswa kulia na kukubali. Wamekataa katakata. Wengine wameandika mwisho wao ambamo yuko hai mahali fulani, na nikiwaeleza habari za muundo wa mswada wananiambia nikae na muundo wangu.