Katalogi haibebi picha zako

Wadau wa kamera hapa Kigoma, kuna imani ya siku nyingi kwamba ukishaingiza picha kwenye Lightroom Classic au digiKam, zile programu za kupanga na kurekebisha picha, basi zimehamia humo ndani, kwahiyo ukifuta folda ya zamani upate nafasi hakuna shida. Naelewa inapotoka, maana ukifungua programu unaziona zote, harusi za Ujiji, machweo ya ziwa, mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi.

Ila katalogi, yaani faili ambamo programu inaweka kumbukumbu zake, ni kama daftari la stoo, inaandika picha iko folda gani, imepigwa lini, umeipa maneno gani na umerekebisha nini, picha yenyewe inabaki kwenye diski. Hata ukichagua ikopi, inakopi kwenda folda nyingine tu. Hizo picha ndogo unazoona ndani ya programu ni za kutazamia tu. Ukifuta folda umefuta harusi ya watu, na hilo linaniuma kweli maana harusi hairudiwi. Na bakapu ya Lightroom Classic yenyewe inahifadhi katalogi tu, picha ukopi mwenyewe kwenye diski nyingine.

Usiniamini mimi, jaribu. Tafuta faili inayoishia na .lrcat, ndiyo katalogi ya Lightroom Classic, ulinganishe ukubwa wake na folda ya picha, utaona haiwezi kubeba mzigo wote ule. Au weka picha mbili kwenye flashi, ziingize bila kuzikopi, funga programu, chomoa flashi, fungua tena halafu jaribu kuitoa (export) moja kwa ukubwa wake kamili, itakwambia faili haionekani.