Mwendelezo unaobatilisha: hasira ya shabiki inatoka wapi

Filamu mbovu haimkasirishi mtu kwa muda mrefu. Unaitazama, unasonya, unaifuta kwenye flashi, kesho umesahau. Lakini hapa Mbeya wapo watu wazima, wenye watoto sekondari, ambao ukiwatajia Alien 3 wananuna hadi leo, na filamu hiyo ilitoka mwaka 1992. Ukiwauliza ina ubaya gani, hawataji picha wala uigizaji. Watakwambia, "Walimuua yule mtoto."

Hapo ndipo panapotenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: mwendelezo mbovu na mwendelezo unaobatilisha. Ule mbovu umeshindwa kazi yake wenyewe. Hadithi imelegea, adui hatishi, vichekesho vimechacha. Hasara yake inaishia hapo hapo. Mwendelezo unaobatilisha unaweza hata kuwa umetengenezwa vizuri, ila ili uanze, unafuta kile ambacho mtazamaji alikwishalipwa na filamu iliyotangulia. Ushindi uliopatikana kwa jasho unatangazwa kuwa haukuwa ushindi, au mtu aliyeokolewa anafia pembeni kabla mambo hayajaanza. Ni sawa na fundi uliyemwita aongeze chumba, akaanza kwa kubomoa ukuta wa chumba unacholala.

Tuitazame Alien kwa karibu, maana ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ya pili, Aliens ya James Cameron, ilitoka mwaka 1986. Ripley, mwanamke ambaye ndiye mhusika mkuu, anakutana na mtoto wa kike anayeitwa Newt, peke yake amebaki hai katika kituo kizima. Robo ya mwisho ya filamu ni mwanamke mmoja anayerudi kwenye kiota cha yale madude ya angani yanayoua watu, jengo likikaribia kulipuka, kumfuata mtoto asiyemzaa. Anamtoa. Wanalala kwenye vyumba vyao vya usingizi mrefu, Ripley, Newt na yule askari Hicks aliyejeruhiwa, chombo kinaelekea nyumbani. Mtazamaji anashusha pumzi.

Alien 3 inaanza, na majina ya waigizaji hayajaisha kupita kwenye skrini, mambo yamekwisha haribika. Moto unazuka chomboni, kidude cha kuokolea maisha kinaanguka kwenye sayari ya gereza, Newt na Hicks wamekufa. Hawakupigana wala kuaga. Ripley anazinduka anaambiwa. Kisha tunakaa naye wakati mwili wa mtoto unapasuliwa kuchunguzwa. David Fincher, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, ni mwongozaji hodari, na ukiitazama kwa utulivu utaona ana hoja yake kuhusu kifo na upweke. Lakini hoja hiyo kaijenga juu ya mali ya watu wengine.

Wengi hawaangalii jambo hili: Ripley mwenyewe anakufa mwishoni mwa Alien 3, anajirusha kwenye tanuru, na kifo hicho hakikuleta malalamiko mengi kama cha Newt. Kwa nini? Kwa sababu tumeona njia nzima iliyomfikisha pale, na uamuzi ni wake. Kwa hiyo kisa si kifo. Kisa ni kwamba Newt kuokolewa ndiko kulikuwa maana ya filamu ya pili, na sasa kila ukirudi kuitazama ile ya pili, unajua Ripley anarudi kwenye kiota kumwokoa mtoto ambaye atakufa usingizini. Filamu ya 1992 imeingia ndani ya ile ya 1986 na kuihujumu kutoka huko.

Ukitaka kuielewa hali hii kwa lugha ya kwetu, kumbuka sheria ya kibanda umiza, kile chumba cha kuonyeshea video mtaani: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Kila aliyekulia Mwanjelwa, au Iringa mitaa ya Mlandege, enzi za mkanda na deki, anaijua. Ulikuwa unaingia na hela yako ndogo, mnabanana kwenye mabenchi, na mtu wa kwanza kupanda skrini na bunduki yake mnabishana palepale kama ndiye steringi au atakufa mapema. Watu hudhani sheria ile ilikuwa ushamba wa watoto. Mimi naona ilikuwa mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa mpana kuliko uhai wa mtu mmoja: ulisema tukivumilia naye mpaka mwisho, mwisho huo utakuwa wa kweli. Steringi akifa vizuri, kwa kazi, kibanda kilinyamaza kwa heshima. Akifa kijinga, watu walidai hela yao.

Kwa nini basi watengenezaji wanauvunja mkataba wanaoujua? Sababu ya kwanza ni ya ndani ya hadithi: amani haiuzi. Filamu iliyoisha vizuri imefunga milango yote, na ili uingie tena sharti uvunje mmoja. Filamu za sayansi ya kubuni zinaumia zaidi hapo, kwa sababu zina vifaa vya kuvunjia milango ambavyo hadithi nyingine hazina. Kuna kusafiri katika wakati, kuna kutengeneza nakala ya mtu, kuna sayari ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Mwandishi akikwama anachomoa kimojawapo. Mwaka 1991 Highlander II ilichomoa sayari: wale watu wasiokufa wa filamu ya 1986, ambao uzuri wao ulikuwa ni kutojua asili yao, wakaambiwa wametoka sayari ya Zeist. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba toleo lililohaririwa upya baadaye liliifuta sayari hiyo kabisa.

Sababu nyingine ni za kawaida tu. Mtoto aliyeigiza Newt, Carrie Henn, alizaliwa mwaka 1976. Kufika 1992 alikuwa msichana mkubwa, huwezi kumlaza kwenye kile kitanda cha usingizi ukasema ndiye yule yule. Na Alien 3 ilipita mikononi mwa waandishi kadhaa, ikaanza kupigwa picha muswada ukiwa bado haujakamilika. Katika haraka ya namna hiyo, kuua wahusika wawili kwenye dakika za mwanzo ni njia rahisi ya kusafisha meza.

Cameron hakuyaficha machungu yake juu ya kilichowapata watu wake wa filamu ya pili. Mkuki kwa nguruwe. Mwaka 2019 ilitoka Terminator: Dark Fate, yeye akiwa mmoja wa watayarishaji na mmoja wa walioitunga hadithi yake, na filamu hiyo inaanza vipi? John Connor, yule mtoto ambaye Terminator 2 ya mwaka 1991 yote ilikuwa kumlinda, anapigwa risasi mbele ya mama yake, Sarah, na mashine yenye sura ya Arnold Schwarzenegger. Mwaka ni 1998, mtoto bado mdogo. Kazi yote ya Sarah, na yule Anodi mwema, mashine mlinzi wa ya pili, aliyeomba ashushwe kwenye chuma cha moto huku mtoto akilia, ikabaki imeokoa dunia ila haikumwokoa mtoto.

Nilikaa na jirani yangu wa mtaa wa Soweto usiku mmoja wa Julai, baridi ile ya Mbeya inayoingia hadi chini ya mlango, yeye na mtoto wa dada yake wa kidato cha pili wakiitazama Dark Fate. Dogo aliijaza kwenye flashi kwa kijana mmoja wa Kabwe anayeuza muvi, na ilikuwa Terminator ya kwanza kuiona maishani. Risasi ilipolia mjomba alishika kichwa. Hakusema kitu kwa dakika nzima, akabaki anaitikisa rimoti. "Anko, sasa we unamlilia nani?" dogo akauliza. "Yule si kaonekana sekunde tu?" Jirani akamjibu, "Sekunde kwako wewe. Mimi nimeanza naye tangu deki." Dogo aliifurahia filamu hadi mwisho, akamsifia yule mwanamke mwenye mwili nusu mashine, akaomba ya pili yake. Mjomba alikwishalala.

Hapo ndipo dhana hii inaposhikika. Walikaa kochi moja, wakatazama picha ile ile. Tofauti yao ni amana: mmoja alikuwa ameweka kitu katika filamu za nyuma, mwingine hakuweka. Ndiyo maana mabishano ya mashabiki hayaishi kwa kusema "mbona ni nzuri tu". Anayesema hivyo huenda anasema kweli, ila anazungumzia filamu moja wakati mwenzake anazungumzia mbili. Hata watafsiri wa muvi, wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili kwa kufuata njia ya Lufufu, hujikuta hapo katikati. Mtafsiri mzuri akiona mhusika wa zamani anaanguka, atakukumbusha huyu ni nani na alitoka wapi, na kwa kufanya hivyo anamkopesha mgeni kidogo ya yale machungu.

Isieleweke kwamba kugeuza yaliyopita ni kosa siku zote. Katika Star Wars ya mwaka 1977 kijana Luke anaambiwa na mzee Obi-Wan kwamba Darth Vader, yule adui, alimuua baba yake. Mwaka 1980 filamu ya pili inageuza: Vader ndiye baba. Ukipima kwa rula, huko ni kubatilisha kabisa. Ila ukirudi kwenye ya kwanza ukiwa unajua, kila neno la yule mzee Obi-Wan linazidi kuwa zito. Hapo mtazamaji kaongezewa. Linganisha na mwaka 2019, The Rise of Skywalker ilipomrudisha Palpatine, mfalme ambaye Vader alimtupa shimoni mwaka 1983 na kufa kwa kufanya hivyo. Sasa kile kifo cha baba kilinunua nini? Terminator 2 nayo ilimgeuza muuaji wa 1984 kuwa mlinzi, badiliko kubwa sana, lakini ushindi wa Sarah wa filamu ya kwanza ulibaki palepale. Kwangu mimi kipimo ni hicho: nikirudi kuitazama ya zamani, imeongezeka au imepungua?

Mapato hayakusaidii kujua. The Last Jedi, Star Wars ya mwaka 2017, ilipita dola bilioni 1.3 duniani na wahakiki wengi waliisifu, na bado iliwagawa mashabiki vibaya kwa sababu ya Luke mzee aliyekata tamaa.

Kinachochekesha ni dawa ambayo mashabiki huiomba. Wanataka filamu nyingine ije kuibatilisha ile iliyobatilisha. Dark Fate yenyewe ilikuwa dawa hiyo, ilizipuuza filamu tatu zilizotoka kati ya 2003 na 2015, na tumeona ilivyoanza. Upande wa Alien, mwaka 2015 mwongozaji Neill Blomkamp alikuwa na mradi wa kumrudisha Hicks akiwa hai. Ukawekwa kando, ikaja Alien: Covenant mwaka 2017, na humo tukakuta Elizabeth Shaw, aliyenusurika peke yake katika Prometheus ya 2012, amekwisha uawa hata bila sisi kuonyeshwa. Ule mradi wa Blomkamp ungefurahisha wengi, jirani yangu akiwamo. Lakini Alien 3 nayo, baada ya toleo lake refu la mwaka 2003, imepata watu wake wanaoipenda, na kwao kifo cha Ripley ndiyo malipo waliyokwisha kuyapokea.