Bakuli la mbwa libaki chini siku nzima? Maswali na majibu

Kwa wafugaji wa mjini swali hili huja hasa ratiba ya kazi inapobadilika. Mtu alikuwa anafika nyumbani saa kumi na moja, sasa foleni inamfikisha saa mbili usiku, na mbwa anamlilia getini. Anawaza: kwa nini nisimjazie bakuli asubuhi, ajilie mwenyewe akitaka?

Daktari, mbwa wangu amezoea kula saa moja asubuhi na saa moja jioni. Naweza kumwachia chakula siku nzima?

Kwanza niambie anakula nini. Kama ni ugali wa dona na dagaa, au wali na mapupu, jibu ni hapana na tusipoteze muda. Chakula kilichopikwa kina maji mengi, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, saa mbili tatu zinatosha bakteria kuzaliana humo. Mchana utakuta sufuria linanuka uchachu na nzi wameshatangulia. Chakula kikavu cha dukani ndicho kinachoweza kushinda chini, tena kivulini.

Halafu tabia yake. Akimaliza mlo wa kawaida, mwongezee konzi moja. Akila kidogo, akaacha, akaenda kulala, anaweza kuachiwa. Akilamba mpaka bakuli linasukumwa hadi ukutani, huyo mlishe kwa saa maalumu.

Kwani mnyama hajui kushiba?

Wengine wanajua, wengi hawajui. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba takribani mbwa mmoja kati ya wanne wa aina ya Labrador ana hitilafu katika jeni iitwayo POMC, ile inayosaidia ubongo kupata taarifa kuwa mwili una akiba ya kutosha. Mbwa wa namna hiyo akikuangalia kwa macho ya huruma dakika kumi baada ya kula, hakudanganyi. Kweli anahisi njaa.

Na unene si urembo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ambao uliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Walipangwa wawili wawili kutoka mzao mmoja, na mmoja akawa anapewa robo pungufu ya chakula cha ndugu yake. Waliopunguziwa walikuwa na umri wa kati wa miaka 13, wenzao miaka 11.2, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Karibu miaka miwili ya maisha, kwa kupunguza chakula tu.

Basi nikiachia, niweke kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kumwachia mbwa bakuli si kujaza kila linapopungua. Unapima chakula cha siku nzima asubuhi, unaweka, kikiisha kimeisha hadi kesho. Mbwa mzima wa kilo 20, mwenye mizunguko ya kawaida, huhitaji karibu gramu 300 za chakula kikavu kwa siku. Aliyehasiwa au anayeshinda amefungwa, pungufu ya hapo. Soma na jedwali la mfuko wako, maana vyakula hutofautiana nguvu.

Kupima uzito, mbebe mpande naye mizani, kisha toa uzito wako. Ukishindwa kumbeba, tumia mkono. Kunja ngumi upapase vifundo vyake: mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Kunjua vidole, papasa mgongo wa kiganja: hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa, hazionekani sana lakini unazihisi bila kubonyeza. Zikiwa kama upande wa ndani wa kiganja, mnene huyo, usibishe.

Nitapoteza nini nikiacha kumlisha kwa saa?

Utapoteza kipimajoto chako cha kila siku, na kwangu hili ni kubwa kuliko unene. Mbwa hasemi kuwa anaumwa, anasusa chakula. Homa ya kupe, minyoo, jino bovu, parvo (virusi vya kuharisha na kutapika) kwa watoto wa mbwa, mara nyingi huanza na bakuli lililobaki.

Niliwahi kuletewa mbwa wa ulinzi, ufizi mweupe kama karatasi, kupe wamejaa masikioni. Nikauliza, "Alikula lini mara ya mwisho?" Mzee mwenye nyumba akamtazama mlinzi. Mlinzi akamtazama dada wa kazi. Dada akasema, "Mimi naona bakuli linapungua, daktari." Kumbe lilikuwa linapungua kwa kunguru na paka wa jirani. Mbwa alikuwa hajala kwa siku kadhaa, na kila mtu aliamini mwenzake amemwona akila.

Kwa hiyo ukiachia bakuli, awepo mtu mmoja, si watatu, anayejua asubuhi kiliwekwa kiasi gani na jioni kimebaki kiasi gani. Na ahakikishe mlaji ni mbwa mwenyewe. Mbwa mzima akipitisha siku nzima bila kugusa chakula, mlete. Mtoto wa mbwa asiyekula, au anayetapika na kuhara, usimngojee hata siku iishe.

Usiku je, liendelee kubaki nje?

Hapana, liondoe jua likizama. Bakuli la usiku ni mwaliko kwa panya, na mkojo wa panya hubeba leptospirosis, ugonjwa unaompata mbwa na binadamu pia. Ndio huo uliopewa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Chakula kilicho wazi huvuta pia mbwa wazururao, na hao hujui wamechanjwa kichaa au la. Osha bakuli kila siku kwa sabuni. Usimwagie chakula kipya juu ya mabaki. Maji ndiyo yabaki saa zote.

Mbwa gani hawafai kabisa kuachiwa bakuli?

Watoto: wiki sita hadi miezi mitatu wape milo mitatu au minne kwa siku, kisha mitatu hadi miezi sita. Tena mlo wa saa hukusaidia kuwafundisha choo, maana wengi hujisaidia muda mfupi baada ya kula.

Mwenye kisukari pia asiachiwe, kwa sababu insulini hufuatana na mlo. Mbwa wawili wanaogombana nao wasiachiwe bakuli moja. Mnyonge atakonda huku mbabe ananenepa. Na wale wenye kifua kirefu, kama German Shepherd, msiwape mlo mmoja mkubwa kwa siku. Tumbo linaweza kujaa gesi likajipinda, na hiyo ni dharura ya saa chache. Wagawie chakula mara mbili.

Nianzeje?

Usianze akiwa na njaa, atafakamia. Mpe mlo wa asubuhi kama kawaida, akishashiba weka sehemu iliyobaki ya siku hiyo na uiache hapo. Siku za kwanza anaweza kumaliza yote mapema, usimwongezee. Kama unamhamisha kutoka ugali kwenda chakula kikavu, hilo ni jambo jingine: changanya kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, vinginevyo ataharisha. Pima uzito baada ya wiki mbili.

Nikiona haifai, narudije kwenye saa?

Weka bakuli saa uliyopanga, subiri dakika ishirini, ondoa, kiwe kimeliwa au hakijaliwa. Siku ya kwanza atanusa na kuondoka, kwa kuzoea kuwa chakula hakiendi popote. Mbwa mzima mwenye afya kwa kawaida anaelewa ndani ya siku mbili tatu, ila asipogusa chakula kabisa siku nzima, mlete kama nilivyosema. Anayevuruga zoezi mara nyingi si mbwa, ni bibi jikoni anayemdondoshea kipande cha chapati. Zungumza na bibi kwanza.