Ukitaka bajeti ya kaunti ikabili njaa, usisubiri Juni

Kila mwaka, bajeti za kaunti zinapokaribia kupitishwa, foleni ya malalamiko katika ofisi yetu hurefuka. Vikundi vya wakulima, akina mama wa vijijini, vijana wa makanisani na misikitini hufika na barua ambazo nyingine zimeandikwa kwa uchungu unaogusa moyo: kisima kilichoahidiwa hakikuchimbwa, chanjo ya mifugo haikufika, watoto wa chekechea hawapati uji. Mengi ya madai haya ni ya haki. Tatizo ni kwamba yameletwa mwezi ambao hakuna afisa anayeweza kuyatimiza, na mara nyingi yamepelekwa kwa mtu asiyehusika.

Msingi wa madai hayo ni imara kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 53 kinamwongezea mtoto haki ya lishe ya msingi. Ni kweli kwamba haki ya Kifungu cha 43 hutekelezwa hatua kwa hatua, na hapo watu hukata tamaa wakiamini serikali imepewa mwanya wa kukwepa. Sivyo. Kifungu cha 20 kinaeleza kwamba serikali ikidai mahakamani haina rasilimali za kutimiza haki hiyo, ni jukumu la serikali yenyewe kuonyesha kwamba hazipo. Mwananchi hatakiwi kuthibitisha kwamba zipo.

Kwa hiyo chakula cha msaada si hisani ya kiongozi, na anayekiomba hapaswi kuambiwa ashukuru na anyamaze. Wakenya ni watu wa kusaidiana. Mwaka 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500 na ikavuka lengo hilo, wengi wakituma walichokuwa nacho kwa simu. Mchango ule uliokoa maisha. Hata hivyo, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, watu wapatao milioni 4.4 walijikuta tena wakihitaji msaada wa chakula. Harambee hulisha watu wakati wa janga. Bwawa, josho, afisa wa kilimo wa wadi na dawa za utapiamlo katika zahanati hutoka katika bajeti, na bajeti ina kalenda yake.

Kalenda hiyo imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mpango huo ni wa mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata, yaani miezi kumi mbele. Kufikia Februari 28 huwasilishwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kikomo cha fedha za kila idara: kilimo kiasi hiki, afya kiasi hiki, maji kiasi hiki. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuujadili. Makadirio ya bajeti huja kufikia Aprili 30, na sheria ya matumizi hupitishwa kabla ya Juni 30.

Vikundi vingi huanza kuamka baada ya Aprili, matangazo ya vikao yanapotoka redioni. Kufikia wakati huo vikomo vya idara vimeshapitishwa. Zaidi ya hayo, sheria hairuhusu bunge la kaunti kuongeza fedha mahali pamoja bila kupunguza mahali pengine. Ukisimama kikaoni Mei ukasema kilimo kiongezewe, afisa wa bajeti atakuuliza swali moja: zitoke wapi? Asiye na jibu huandikwa kwamba ametoa maoni, na mambo huishia hapo. Mwenye jibu, aliyesoma makadirio akaona fungu la safari za maafisa au la ukarabati wa ofisi limekua kuliko mwaka uliotangulia, humlazimu mwakilishi wa wadi kumjibu. Lakini dai linalohitaji fedha nyingi, kwa mfano mradi wa kunyunyizia mashamba maji, lipelekwe Julai na Agosti wakati mpango unaandikwa, lirudiwe Januari na Februari kabla ya vikomo kuwekwa. Aprili ibaki ya kuhakikisha halijafutwa.

Tunasikia kila mara kwamba vikao hivi ni vya kupiga picha tu na kwamba maoni ya wananchi hayana nguvu. Ni maneno ya watu waliovunjwa moyo, na yana chanzo, lakini kisheria si sahihi. Mnamo Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli, usiwe wa kujionyesha. Haimaanishi kila pendekezo litakubaliwa. Inamaanisha lazima lipokewe na lizingatiwe, na ndiyo sababu tunasihi maoni yaletwe kwa maandishi. Anayezungumza kikaoni hutegemea kalamu ya mtu mwingine. Memoranda yenye muhuri wa kupokelewa, na nakala yake mkononi mwa kikundi, haipotei kirahisi. Tena humwondolea mkulima gharama ya kusafiri siku nzima hadi makao makuu ya kaunti.

Jambo la nauli lisemwe pia. Kuna vikao vilivyovunjika kwa sababu waliohudhuria walidai pesa ya soda kabla ya kufungua makadirio. Mtu aliyeacha kibarua cha siku ana haki ya kulalamika kwamba kikao kimewekwa mbali au kimetangazwa usiku wa kuamkia siku yake. Malalamiko hayo andikeni, tutayapokea. Ila kikundi kinachochanga nauli ya wajumbe wawili waliosoma nyaraka hufanya kazi kubwa kuliko umati unaoondoka saa sita mchana baada ya kugawiwa noti.

Kuhusu mlango sahihi, tumelieleza mara nyingi na tutalieleza tena. Kilimo cha nyanjani, afya ya zahanati, maji na chekechea ni kazi za kaunti. Inua Jamii, yaani shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa kuanzia miaka 70, kwa kaya zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na kwa wenye ulemavu mkali, ni mpango wa serikali ya kitaifa. Gavana hawezi kukuandikisha, na mwakilishi wa wadi anayekuahidi jina lako litaingia baada ya uchaguzi anakupotosha. Shule ya msingi si ya kaunti. Kumlaumu mwakilishi wa wadi (MCA) kwa mlo wa darasa la tano ni kupoteza mwezi mzima.

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti ni haki chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15. La kwa serikali ya kaunti liko kifungu cha 88, na kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka husika zijibu bila kuchelewa. Ombi liandikwe, kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Lieleze suala lenyewe, hatua ambazo waombaji wameshachukua na majibu waliyopata, kama suala liko mahakamani au la, na mwishoni liseme waziwazi waombaji wanataka nini kifanywe. Kila mwombaji aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho, kisha aweke sahihi au kidole gumba kwenye karatasi ya ombi lenyewe. Karatasi za sahihi zilizokatwa kutoka orodha ya mkutano mwingine na kubandikwa hazifai. Msimwandikie jirani sahihi hata kama amekubali kwa simu. Kughushi hati ni kosa la jinai ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu, na sahihi moja ya kughushi huwapa wapinzani wa ombi sababu ya kulitilia shaka lote. Sahihi 40 za kweli zinatosha kabisa.

Ombi lisilo na takwimu hubaki kuwa kilio. Kwa kaunti 23 za maeneo kame na nusu kame, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi inayoonyesha hali ya mvua, malisho, bei za mifugo na lishe ya watoto, na kutaja kama kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari, dharura au inajikwamua. Ni taarifa ya serikali yenyewe. Inatushangaza jinsi vikundi vichache huiambatanisha na madai yao.

Takwimu zinazokosekana ziombwe chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mwombaji ni raia yeyote, na hatakiwi kueleza sababu. Asiyeweza kuandika huhudumiwa: afisa wa habari ana wajibu wa kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ila gharama halisi ya kunakili nyaraka yaweza kutozwa. Jibu litoke ndani ya siku 21, zinazoweza kuongezwa mara moja tu kwa siku zisizozidi 14 iwapo habari ni nyingi au panahitajika mashauriano. Ombi linalohusu uhai au uhuru wa mtu hujibiwa ndani ya saa 48. Likipelekwa ofisi isiyo yake, ofisi hiyo ina siku tano za kulihamisha. Afisa anayekataa kupokea ombi, asiyejibu kwa wakati, au anayedai ada ya kuliwasilisha anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi mitatu, au yote mawili. Ukinyimwa, una siku 30 tangu kuarifiwa uamuzi kupeleka suala kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman. Hesabuni siku hizo kwa makini, maana tunapokea rufaa nzuri zilizochelewa.

Wanaotaka kuandamana kwa amani wana haki hiyo chini ya Kifungu cha 37. Kinachotakiwa ni notisi kwa kituo cha polisi, siku zisizopungua tatu wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe, ikitaja mwandalizi, njia, na saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Notisi si maombi ya kibali. Tunashauri nakala yenye muhuri ibebwe siku hiyo.

Bajeti ikishapita, kazi ya kikundi haijaisha, na hapa ndipo tunapowakosa karibu wote. Ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka, hazina ya kaunti hutakiwa kuwasilisha ripoti ya matumizi katika bunge la kaunti na kwa Msimamizi wa Bajeti. Fungu la lishe lililotengewa fedha Julai na halijatumika hata shilingi kufikia Desemba linaonekana humo. Ulizeni wakati huo, kabla fedha hazijahamishwa katika bajeti ya nyongeza. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutakiwa kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Vikao vya bunge na vya kamati zake, kwa mujibu wa Kifungu cha 196, hufanywa hadharani. Ratiba ziko kwa karani wa bunge la kaunti.