Lenzi Ndefu Zaidi Si Lazima Iwe Bora kwa Picha za Ndege

Wengi wanaoanza kupiga picha za ndege huamini kwamba kadiri milimita za lenzi (kipimo cha uwezo wake wa kuvuta kitu cha mbali) zinavyoongezeka ndivyo picha inavyokuwa bora, na kwa hiyo hukimbilia milimita 600, au hufunga kikuzaji cha mara 2 kati ya lenzi na kamera. Ni kweli kwamba ndege ataonekana mkubwa zaidi. Lakini kikuzaji hicho hupunguza mwanga hadi robo, kiasi kwamba lenzi ya f/5.6 hufanya kazi kama ya f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo), na ulengaji wa kiotomatiki, yaani kamera kujirekebisha yenyewe ili picha iwe kali, huzorota. Isitoshe, ndege akiwa mbali juu ya ardhi iliyopata joto, mawimbi ya hewa hufifisha manyoya yake, na hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuyaondoa mawimbi hayo. Dawa yake ni kusogea karibu, bila kumbughudhi ndege, au kupiga picha alfajiri.

Kwa ndege anayeruka, mimi ningechagua lenzi nyepesi ya milimita 400, kwa sababu eneo inaloonyesha ni pana zaidi, hivyo ni rahisi kumpata ndege na kumfuata kabla hajatoweka. Milimita 600 zinawafaa zaidi ndege wadogo na wale wasiofikika.