Debaga haikumbuki kitu: @entry inaitoa wapi thamani ya mwanzo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa timu yetu hapa Shangani alinipigia simu saa mbili usiku. "Dada, nimeipata. Mizani yenyewe inakata uzito wa gunia kabla ya kututumia. Nimeangalia thamani ya mwanzo kwenye debaga, ni 80200. Kumbe sisi tunakata mara ya pili." Alikuwa ameshamtumia muuza mizani barua pepe ya malalamiko, na mkono ulikuwa tayari kufuta mstari unaokata kilo moja ya gunia tupu. Nikamwambia asifute chochote, tukutane asubuhi.

Kijana ni mzuri wa kazi. Kinachonichosha ni kwamba yeye si wa kwanza. Kila msimu wa korosho ukikaribia na programu zikaanza kupimwa upya, anatokea mtu mwenye imani ileile: debaga, yaani programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine, inatunza thamani ambazo fankisheni iliingia nazo, na ukiandika `@entry` inafungua kabati na kukutolea. Kabati hilo halipo. Wakati fankisheni inaitwa, huenda debaga haikuwa imewashwa kabisa. Mara nyingi sisi tunafungua faili la core (picha ya kumbukumbu ya programu wakati inakufa) lililoletwa kwa flashi kutoka ghala la Masasi, programu yenyewe imekufa tangu jana. Nani angekaa pale kuandika thamani?

Anayeijua biashara ya korosho ataelewa haraka. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, chama chake cha ushirika, unapimwa, anapewa karatasi yake na kishina kinabaki kwenye kitabu. Mzigo unaendelea hadi ghala kuu. Tuseme karani wa ghala kuu anakata uzito wa magunia na kuandika tarakimu mpya juu ya ile ya zamani. Ukitaka tarakimu ya awali, kumbana karani huyo ni kupoteza muda, kwa sababu ameshaifuta. Unarudi AMCOS kuuliza kishina. Kama wamekitunza, umepata. Kama waliona hawana kazi nacho wakakitupa, hakuna mtu duniani wa kukuambia.

`@entry` ndiyo safari ya kurudi kwenye kishina. Debaga inaiacha fankisheni uliyosimama ndani yake, inapanda fremu moja kwenye staki (rundo la fankisheni zilizoitwa na bado hazijamaliza; kila moja na fremu yake) kwenda kwa mwitaji, na kuuliza: wewe uliyemwita huyu, ulimpa nini, na bado unacho?

Tuanze na toleo la zamani la programu yetu ya mizani, lililokuwa linapokea namba tupu kwa gramu (tare ni uzito wa gunia tupu):

```
int hesabu_neti(int uzito, int tare)
{
    uzito -= tare;
    hifadhi(uzito);
    return uzito;
}
```

Na mwitaji, kwenye faili lingine:

```
g = soma_mizani();
neti = hesabu_neti(g, 1000);
andika_logi(g, neti);
```

Kwenye Linux ya x86-64 parameta sita za kwanza za namba kamili hupita kwenye rejista, yaani nafasi ndogo za kumbukumbu ndani ya prosesa: rdi, rsi, rdx, rcx, r8, r9. Hizo hazina ulinzi. Fankisheni iliyoitwa ina haki ya kuzichafua itakavyo. Rejista zenye ulinzi ni rbx, rbp na r12 hadi r15: anayetaka kuzitumia lazima azihifadhi kwanza na kuzirudisha kama alivyozikuta. Sasa angalia mwitaji anafanya nini. Bado anaihitaji `g` baada ya kuita, kwa ajili ya logi. Kwa hiyo kompaila, inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, inaweka nakala moja kwenye rdi, ambayo ndiyo parameta, na nyingine kwenye rbx ili isipotee. Kisha inaacha maelezo kwenye taarifa za DWARF, zile inazoiandikia debaga: mahali hapa pa kuita, kilichowekwa rdi ni kilekile kilichomo rbx. Hicho ndicho kishina.

Ukisimama ndani ya `hifadhi` na kutazama staki, GDB (debaga ya GNU) inakuonyesha hivi:

```
#1 hesabu_neti (uzito=80200, uzito@entry=81200,
                tare=tare@entry=1000)
```

Ile 81200 ilisomwa kwenye rbx ya mwitaji baada ya kuifunua staki. Ile 1000 haikusomwa popote. Mwitaji aliandika namba isiyobadilika, nayo imo ndani ya DWARF yenyewe, hivyo itapatikana hata kama rejista zote zimechafuka.

Sasa futa mstari wa `andika_logi`. Usiguse kitu kingine, kompaili upya, simama palepale. `uzito@entry` huenda isiwepo tena. Mwitaji hana haja ya `g` baada ya kuita, kompaila haina sababu ya kuitunza kwenye rbx, kishina kimetupwa. Hapa ndipo watu wanaponiambia debaga ni mbovu, "jana ilionyesha, leo haionyeshi." Jana mwitaji alikuwa na kazi na ile thamani, leo hana. Upatikanaji wa thamani ya mwanzo ya fankisheni yako unategemea kodi iliyoandikwa ndani ya fankisheni nyingine, tena mistari inayokuja baada ya wewe kuitwa. Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo, maana ukilielewa hili mengine yote yanafuata.

Linafuata, kwa mfano, jibu la swali ninaloulizwa zaidi: "Dada, si tuzime uboreshaji tu, tukompaili na -O0, kila kitu kitaonekana?" Parameta ya sasa itaonekana vizuri, ndiyo, iko kwenye staki mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini `uzito -= tare` inaandika juu ya sehemu hiyohiyo, na GCC, kompaila ya GNU, kwenye -O0 haiachi maelezo ya mahali pa kuita. Utaandika `uzito@entry` na utapata kosa. Kwa thamani za mwanzo, kodi iliyoboreshwa ndiyo inayokupa nafasi. Najua inasikika kinyume, na sitamlaumu mtu kwa kutoamini hadi ajaribu kwa mkono wake.

Jambo hili si la zamani sana. GDB ilianza kuielewa `@entry` kwenye toleo la 7.4, Januari 2012, na GCC ikaanza kutoa maelezo yanayohitajika kwenye 4.7 mwaka huohuo. Kwa miaka kadhaa yalikuwa ni nyongeza ya GNU, hadi yalipoingia rasmi kwenye DWARF 5 mwaka 2017.

Kuhusu kichanganuzi cha semi, sehemu ya debaga inayosoma unachoandika, nitakuwa mfupi, ingawa ndicho kilichonipa kazi nilipoongeza kitu cha aina hii kwenye debaga yetu ndogo ya kusomea faili za core. Kwenye GDB alama ya `@` ilikuwa na kazi yake zamani: `meza[0]@10` maana yake nionyeshe vitu kumi mfululizo kuanzia hapo. Sasa `uzito@entry` ni nini? Ni thamani ya mwanzo ya uzito, au ni mfululizo wa vitu ambavyo idadi yake imo kwenye kigeu kinachoitwa entry? GDB inaamua mapema kabisa, wakati inakata maneno: ikikutana na `@` inaruka nafasi tupu, inatazama kama linalofuata ni neno entry kamili lisiloendelea na herufi nyingine, na kama ndilo, vyote viwili vinakuwa tokeni moja. Mwenye kigeu chenye jina hilo anaandika `x@(entry)` na mambo yanakwenda.

Uamuzi wa pili ni mzito zaidi: tokeni hiyo ikubaliwe baada ya nini? GDB inaikubali baada ya jina la parameta tu. `(a+b)@entry` inakataliwa, `r->uzito@entry` inakataliwa, na kigeu cha ndani cha fankisheni kinakataliwa kwa ujumbe wazi. Mimi mwanzoni niliona huo ni ubahili. Kwenye debaga yetu nikaweka `@mwanzo` ikubaliwe baada ya usemi wowote: inachukua parameta zote zilizomo ndani ya usemi, inazirudisha kwenye thamani zao za mwanzo, kisha inakokotoa. `(uzito-tare)@mwanzo` ilifanya kazi vizuri sana na watu wakaipenda. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonipigia simu saa mbili usiku.

Toleo la sasa la programu linapokea pointa ya rekodi:

```
void hesabu_neti(struct rekodi *r, int tare)
{
    r->uzito -= tare;
    hifadhi(r);
}
```

Kijana aliandika `r->uzito@mwanzo`, akapata 80200. Akili yake ikasoma: uzito wa mwanzo ni 80200. Nani asingesoma hivyo? Lakini kilichorudishwa mwanzo ni `r` peke yake. `r` ni anwani, na anwani haikubadilika hata kidogo. Baada ya kuipata anwani ya mwanzo, debaga ilikwenda kwenye anwani hiyo na kusoma kilichopo pale sasa. Na sasa, tare imeshakatwa.

Hapa sitaki haraka. Thamani ya mwanzo ya pointa ni anwani. Yaliyomo kwenye anwani hiyo si sehemu ya parameta, hayakupita kwenye rdi, na hakuna mwitaji aliyeahidi kuyatunzia nakala. Ukirudi AMCOS ukakuta kishina kimeandikwa "mzigo uko ghala namba 3, safu ya pili," umepata kishina sahihi cha siku ile. Ukienda leo ghala namba 3, safu ya pili, utakuta kilichopo leo. Kishina hakikudanganya. Wewe ndiye uliyedhani kimeandika uzito.

GDB haiko salama na hili pia. Inakataa `r->uzito@entry`, lakini `r@entry->uzito` inaikubali bila neno, na jibu ni lilelile la sasa. Tofauti ni kwamba pale mwandishi analazimika kuweka neno karibu na pointa, na jicho linaona ni kipi kimerudishwa nyuma. Ndiyo maana sasa nauona ubahili wao kuwa hekima: thamani ya mwanzo ni mali ya jina la parameta, haienei kwenye usemi mzima. DWARF ina nafasi ya kueleza hata data iliyoelekezwa na parameta wakati wa kuita, lakini usiitegemee kwa pointa ya kawaida ya C.

Kuna hali nyingine ambapo hutapata kitu, nazitaja kwa kupita. Fankisheni ikiyeyushwa ndani ya mwitaji, hakuna mahali pa kuita, basi hakuna kishina. Fankisheni ikiruka kwenda nyingine kama tendo lake la mwisho, fremu yake haipo tena kwenye staki; GDB inajaribu kukisia njia, na njia zikiwa mbili au fankisheni ikiweza kujirukia yenyewe, inakataa kujibu. Kukataa huko ni uaminifu. Washa `set debug entry-values 1` uone sababu badala ya kulalamika.

Nina mashaka yangu, na ni haki niyaseme. GDB kwa kawaida inaonyesha thamani zote mbili bila kuombwa, kama kwenye staki niliyoweka juu. Naona inawafundisha watu kuamini kwamba zote mbili zina uzito sawa, wakati moja imesomwa na nyingine imejengwa upya kutokana na maelezo ya kompaila. Maelezo ya kodi iliyoboreshwa yana kasoro zake, na kasoro hizo haziji na ujumbe wa kosa. Unapewa namba nzuri, safi, isiyo sahihi. Mimi nikitaka kuandika ripoti inayogusa fedha za mkulima, sitegemei `@entry` peke yake. Nasimamisha programu kwenye mstari wa kwanza wa fankisheni na kusoma parameta ikiwa bado mbichi, au narekodi na kurudi nyuma kwa `reverse-finish`, kazi ambayo GDB inaiweza tangu 7.0 ya mwaka 2009.

Ndivyo tulivyofanya na kijana asubuhi ile. Tulisimama kabla ya kukata, na `r->uzito` ilisoma 81200. Mizani ilikuwa inatuma uzito kamili pamoja na gunia, kama ilivyotakiwa. Mstari aliotaka kuufuta ulikuwa sahihi. Angeufuta, kila gunia lingeingia kwenye kumbukumbu za ghala likiwa na kilo moja ambayo si korosho, na mnunuzi angeikuta siku ya kupakia pale bandarini. Alimwandikia muuza mizani tena, akaomba radhi kwa barua ya kwanza.

Mimi nimerudi kwenye kichanganuzi. `@mwanzo` sasa inakubaliwa baada ya jina la parameta tu, na usemi ukipita kwenye pointa iliyorudishwa mwanzo, mstari mmoja unatokea chini ya jibu: "pointa ni ya mwanzo, yaliyomo ni ya sasa." Waliozoea `(uzito-tare)@mwanzo` wamekwisha kunilalamikia, na wataandika `uzito@mwanzo - tare@mwanzo`. Toleo hilo liwe kwenye mashine zote kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba.