Umempa karani kazi, sahihi umebaki nayo

Nawaandikia hasa waliopandishwa juzi kuwa mameneja katika ofisi za mawakala wa forodha hapa Mombasa, ingawa mwenye duka la vipuri pia hatakosa lake.

Meneja mpya haharibu sana kwa ukali. Huharibu kwa kugawa kazi na kubaki na sahihi. Karani yuko bandarini Kilindini tangu saa mbili asubuhi, zamu yake imefika, ankara imezidi makadirio kwa shilingi 3,500. Anapiga simu, bosi yuko mkutanoni. Anatoka kwenye foleni. Siku za bure za kontena zikiisha, bandari inahesabu ada yake ya kuhifadhi, na kampuni ya meli inahesabu ya kwake, tena kwa dola.

Dawa yake ni tarakimu. "Tumia busara" si ruhusa, ni mtego. Karani mgeni mpe shilingi 5,000 kwa faili moja, mzoefu 20,000. Ofisi yako ikiwa ndogo, punguza. Ndani ya kiwango hicho analipa bila kuuliza, kisha jioni anakutumia ujumbe mfupi: nambari ya faili, alicholipa, sababu, na picha ya risiti. Kikizidi, anapiga simu. Usipopokea kwa dakika 15, anampigia mtu wa pili ambaye jina lake limeandikwa na ana uwezo wa kuamua. Huyu wa pili ndiye anayesahaulika kila mara, na mpango mzima hukwama hapo.

Lakini si kila kitu cha kuachiliwa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, wakala huhesabiwa kama mwenye mzigo na anaweza kudaiwa ushuru yeye mwenyewe. Mzigo wa shilingi milioni 2 ukiwekwa kwenye asilimia 10 badala ya 25, pengo ni shilingi 300,000, na VAT bado haijapanda juu yake. Kwa hiyo nambari ya HS, ile ya aina ya bidhaa inayoamua asilimia ya ushuru, na thamani ya mzigo vipitiwe na watu wawili kabla ya kuwasilishwa.

Namna ya kupitia ndiyo kazi yenyewe. Karani aandike pembeni kwa nini amechagua nambari ile. Ukiona kasoro, muulize, "Hii umeitoa wapi?" kisha mrudishie aisahihishe kwa mkono wake. Ukikaa usiku ukairekebisha kimyakimya, baada ya mwezi utaanza kuletewa fomu zenye nafasi tupu, kwani si bosi atajaza?

Kumpa mtu pasiwadi yako unaposafiri si kumwamini. Likitokea jambo, haijulikani nani alituma nini. Kila mtu na akaunti yake.

Kwa aliyeanza kazi bandarini ukiwa bado shuleni, adabu kwanza: "Mzee, meli hii naiacha kwako. Ukitaka sahihi yangu, niko." Muache achague mwenyewe saa ya kukupa habari, halafu usimpigie kabla yake. Akikosea, mwite kando. Ukimsahihisha mbele ya vijana, kesho hataamua lolote, na vijana watakuwa wameshajifunza kutoamua.

Hasara ikitokea, uliza alijua nini saa ile na nani alipatikana kwa simu. Kama alikuwa ndani ya kiwango, hasara ni ya ofisi. Usikimbilie mshahara: Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata kwa mali iliyoharibika au kupotea pale tu mfanyakazi alipokosea kwa makusudi, na hata hapo kiasi kiwe cha haki. Risiti zisizoonekana ni habari nyingine. Hapo shusha kiwango siku hiyohiyo.

Wiki ya nane tangu uweke kiwango, hesabu simu ulizopigiwa kuomba ruhusa. Kama nyingi ulizijibu "sawa, lipa", kiwango ulichoweka ni kidogo. Kipandishe Jumatatu, kwa maandishi.